Volkswagen ya Maisaka: Injini Ishushwe Uani?

Hoja yenyewe ni fupi. Kuna Volkswagen 1300 ya mwaka 1969, ile ya mgongo wa mviringo, imesimama chini ya banda la mabati mtaa wa Maisaka, mjini Babati. Mwenyewe anataka kuifufua: kutu iondolewe, bodi inyooshwe, ipigwe rangi, irudi barabarani. Swali ni kama injini ishushwe, na ikiwa itashushwa, kazi ifanyike hapo hapo uani au gari livutwe mpaka gereji. Waliojadiliana nimewaita kwa nafasi zao, nao ni sauti nilizozipanga ili kila hoja ipate mtetezi: Mwalimu, mstaafu mwenye gari, Mama, mkewe, mwenye banda, Fundi, mzee aliyezitengeneza Volkswagen tangu zikiwa nyingi, Kijana, aliyesomea ufundi wa magari VETA, na Dalali, ambaye hakualikwa. Mimi nimeingilia pale nilipoona siwezi kunyamaza.

MWALIMU: Naanza mimi kwa sababu gari ni langu. Injini ishushwe, na ishushwe hapa. Gereji silipeleki. Gari likikaa gereji miezi mitatu linageuka duka la spea. Leo koili inaazimwa mara moja tu, kesho kabureta imekwenda kujaribiwa kwenye gari la mtu, keshokutwa unaambiwa, "Mwalimu, kwani ilikuwa na kisafisha hewa?" Hapa uani najua kila anayeingia na kila anayetoka.

KIJANA: Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mama, shikamoo Fundi. Niko upande wa Mwalimu. Hakuna injini nyepesi kushusha kama hii. Imeshikwa na giaboksi kwa bolti mbili juu na nati mbili chini, basi. Haina rejeta wala mipira ya maji, inapozwa kwa upepo wa feni. Hakuna haja ya cheni bloku wala tawi la mwembe, maana haitolewi kwa juu, inatokea chini. Unaondoa waya wa betri, unachomoa nyaya za dainamo na za koili na ile ya swichi ya oili, unavuta waya wa eksileta, unaziba mpira wa petroli, unalegeza waya mbili za hita, unatoa bati la nyuma. Jeki chini ya tumbo, nati zinatoka, unairudisha nyuma sentimita kama kumi mpaka shafti ya giaboksi iachane na klachi, unashusha. Ni kilo mia moja hivi. Watu wawili wanaibeba.

FUNDI: Marahaba. Umeieleza vizuri. Sasa nieleze: kwa nini ishushwe?

KIJANA: Inavuja oili, Fundi. Na klachi inateleza ikipanda mlima.

FUNDI: Inavuja oili ipi?

KIJANA: Oili ya injini, bila shaka.

FUNDI: Bila shaka kwa nani? Pale injini inapokutana na giaboksi kuna sili mbili zinazotazamana. Moja iko nyuma ya flaiwili, inazuia oili ya injini. Nyingine iko kwenye shafti ya giaboksi, inazuia oili ya gia. Ikichoka hii au ile, tone linaanguka mahali pale pale. Ingia chini, paka kidoleni, nusa. Oili ya gia ni nzito na inanuka kiberiti. Ukishanusa ndipo uniambie cha kushusha na spea ya kununua.

Hapa nikamuunga mkono Fundi mapema, hata kabla hajamaliza. Gereji zetu nyingi zina ugonjwa mmoja mkubwa, nao ni "tufungue tuone". Kwenye magari mengine ugonjwa huo una dawa yake: kushusha injini ni kazi ya siku nzima, kwa hiyo fundi anafikiri mara mbili kabla ya kugusa spana. Volkswagen hii haina kinga hiyo. Mtu aliyezoea anaishusha kabla chai haijapoa, na wepesi huo umeziua nyingi kuliko ubovu. Ilishushwa kwa sababu inashushika. Kisha ikabaki chini.

FUNDI: Kuna vitu vya kupima injini ikiwa bado garini, maana ikishashuka huvipati. Kompresheni ni cha kwanza. Stata ya gari hili imefungwa kwenye giaboksi. Injini ikitoka, stata inabaki, nawe huna tena cha kuizungushia injini vizuri. Basi pima silinda zote nne leo, betri ikiwa imejaa. Ile ya tatu itazame kwa jicho kali, kwa sababu kwenye injini za miaka hiyo kipozea oili kimekaa kwenye njia ya upepo unaokwenda kwake, nayo hupata joto kuliko wenzake. Cha pili, shika puli ya krankishafti kwa mikono miwili, ivute kwako, isukume. Ikigonga, ujue.

MAMA: Ujue nini? Semeni kwa lugha ya nyumbani.

FUNDI: Ujue krankishafti inacheza mbele na nyuma kupita kiasi, Mama. Inatakiwa icheze kati ya milimita 0.07 na 0.13. Ikivuka 0.15, hiyo si habari ya sili tena. Pengine ni washa za nyuma ya flaiwili, pengine beringi imekula bloku, na bloku ikiliwa lazima injini ipasuliwe katikati ipelekwe kwenye mashine Arusha. Hapo bei inabadilika na muda unabadilika. Ndiyo maana nataka tujue sasa, kabla Mwalimu hajanunua rangi.

MAMA: Sasa nimeelewa, na mimi nina la kusema. Mnajadili kushusha, hamjasema itakaa wapi. Banda hili ni la mahindi. Tukivuna, magunia yanaingia humu. Injini ikiwa sakafuni na gari limeinuliwa matako juu, mahindi nitayaweka wapi, sebuleni? Halafu hiyo oili. Mara iliyopita mlimwaga karibu na bustani, mchicha ukafa.

FUNDI: Oili chafu ni dawa ya mchwa, Mama. Nguzo za banda hili zinaihitaji.

MAMA: Nguzo ngapi? Lita mbili na nusu zinapaka nguzo nne. Nyingine mnaimwaga mferejini, na mvua ikinyesha mji huu wote unateremshia uchafu wake ziwani. Ziwa Babati tunakula samaki wake. Nataka dumu lenye mfuniko, na mfuniko ufungwe.

Sikumsikia mtu akibisha. Kuipaka nguzo hakumaanishi kuwa oili imetoweka, na udongo wa uani si pipa. Dumu likaingia kwenye masharti.

MWALIMU: Naomba niseme kwa nini gari hili linanisumbua moyo. Watoto wanadhani ni pambo. Barabara hii inayopita hapa, kutoka Arusha kwenda Kondoa na Dodoma, ni kipande cha ile njia ndefu ya wakoloni waliyotaka itoke Cape mpaka Cairo. Lami ya Dodoma hadi Babati imezinduliwa juzi tu, mwaka 2018. Kabla ya hapo ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na gari kama hili lilipita. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, Volkswagen hazikuja kutazama. Mwaka 1954 zilishinda. Mwaka 1957 zikashinda tena. Mwaka 1962 tena. Injini ya nyuma inayakandamiza magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo gari linakwea tope wakati makubwa yanazungusha matairi. Halafu ikaja miaka ya uhaba wa petroli, serikali ikapiga marufuku magari binafsi Jumapili kuanzia saa nane mchana. Hili lilikuwa linajua saa ya kurudi nyumbani.

DALALI: Hodi hodi! Samahani, nilikuwa napita nikasikia Volkswagen. Mwalimu, usijitese. Kuna injini ya mtumba ipo tayari, inawaka. Shusha hii, weka ile, hii niachie mimi. Au niachie gari zima. Magari ya kale yana soko. Nairobi wana maonesho yao kule Ngong tangu miaka ya 1970, Concours d'Elegance, watu wanavaa suti kutazama magari. Na tangu mwaka 2003 kuna Safari ya magari ya zamani, imeshapita hata upande wa Arusha. Wageni wanayataka haya.

FUNDI: Wanayataka yakiwa na injini ya nani?

DALALI: Injini ni injini.

KIJANA: Sivyo, kaka. Kadi ya gari ina namba ya chasisi na namba ya injini. Ukibadilisha injini bila kuwaona TRA, kadi inasema hili na gari linasema lile. Siku ya kuuza, au siku askari akifungua boneti ya nyuma, utaeleza mpaka jioni. Na huyo mgeni wako wa Ngong kitu cha kwanza atakachofanya ni kuinama kusoma namba kwenye bloku, pale chini ya dainamo.

DALALI: Namba zinasomeka?

MWALIMU: Zinasomeka, na zinafanana na kadi. Sasa kaa unywe chai, au endelea na safari.

Alikaa. Nami namshukuru, kwa sababu kabla hajaja hakuna aliyekuwa amezitaja namba. Injini iliyozaliwa na gari lake ina thamani ambayo injini ya mtumba haina, hata ile ya mtumba ikiwa nzima zaidi. Kwa maoni yangu hoja ya kubadilisha ilifia hapo.

Iliyobaki ni ya mahali.

FUNDI: Tuseme tumenusa, ni oili ya injini. Kubadilisha ile sili lazima flaiwili itoke. Flaiwili inashikwa na nati moja tu katikati, kubwa, ya milimita 36. Inakazwa kwa nguvu sawa na kilo 30 zikining'inia mwisho wa bomba la mita moja. Nyumbani utaifungua kwa nini? Nimeona wanavyofanya: patasi na nyundo. Nati inajeruhiwa, kisha inarudishwa kwa patasi hiyo hiyo, na baada ya miezi miwili flaiwili inalegea, inachana shimo la krankishafti. Hiyo si ajali, ni uvivu wa kutafuta kifaa. Halafu nyuma ya flaiwili kuna washa tatu nyembamba zinazopanga ule mchezo niliosema. Ukizichanganya umebadilisha kipimo bila kujua. Ndiyo maana nasema gereji.

KIJANA: Lakini Fundi, nati hiyo unaifungulia juu ya meza, injini ikiwa imeshashuka. Kifaa ni soketi ya 36, bomba refu na chuma cha kuzuia flaiwili isizunguke. Vyote unavyo. Kwa nini gari liende gereji wakati soketi inaweza kuja Maisaka kwa bodaboda?

Fundi alikaa kimya kidogo, kisha akacheka. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa hoja bora ya Kijana siku ile, na aliitoa bila msaada wa simu.

FUNDI: Sawa. Basi tuzungumze kuinua. Uani kwako pana saruji?

MWALIMU: Nusu. Nusu ni udongo.

FUNDI: Jeki inakaa kwenye saruji. Na tofali la saruji silitaki chini ya gari. Tofali halitoi onyo, linapasuka mara moja. Stendi za chuma, au vipande vya mbao nene vilivyopangwa kwa kupishana. Na nyuma ikiinuliwa, breki ya mkono haina kazi tena, maana inashika magurudumu ya nyuma, nayo yako hewani. Weka kabari mbele, pande zote mbili za kila gurudumu. Gari lipande mpaka mtu apitishe injini chini ya bampa na kava la feni lisigonge; ni kama kimo cha meza. Kuna wanaoita vijana wanne washike bampa wakati wa tano anavuta injini. Mmoja akipiga chafya, hadithi imekwisha.

KIJANA: Na injini ikiwa inatoka, isining'inie kwenye shafti. Ivutwe sawa na giaboksi, isiinamishwe mpaka iachane kabisa. Ikilala kwenye shafti inapinda klachi pleti.

FUNDI: Hilo limo. Betri je?

KIJANA: Chini ya kiti cha nyuma, kulia. Waya hasi kwanza. Na ule mpira wa petroli uzibwe na bolti, sio kipande cha kitambaa.

FUNDI: Bloku ya injini hii ni ya magineziamu. Ikishika moto haizimwi kwa maji, maji yanauchochea. Ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu, na anayechomelea bodi asianze mpaka injini na tanki viwe mbali na banda.

Nimewaacha wazungumze kwa sababu hayo ni mambo ya uhai. Ila jambo lililonifanya niandike mjadala huu lilikuja baadaye, nalo halikuhusu kushusha kabisa. Lilihusu mabati.

Injini hii imevikwa mabati pande zote: juu ya silinda, chini yake, mbele, nyuma, na moja linalozunguka puli. Ukiyatazama harakaharaka unadhani ni urembo wa Kijerumani. Kazi yake ni kuitenga hewa baridi iliyo juu, ambayo feni inaivuta, na hewa ya moto inayotokea chini. Mpira unaozunguka ukingo wa chumba cha injini unakamilisha mpaka huo. Ondoa bati moja, na feni inaanza kunywa joto lake yenyewe. Halafu kuna kidude kidogo cha shaba chini upande wa kulia, kinachofungua na kufunga milango ya upepo kulingana na joto. Mafundi wengi waliking'oa wakisema nchi yetu ina joto, hakihitajiki. Pengine Dar es Salaam unaweza kuwasikiliza. Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai chini ya mlima Kwaraa injini inahitaji kupashwa moto kama mtu.

MWALIMU: Langu lina mabati yote?

FUNDI: Hapana. Nimeinama wakati mnakunywa chai. La chini ya silinda, upande wa kushoto, halipo. Na la puli limefungwa kwa waya wa senyenge.

MWALIMU: Lakini halijawahi kushushwa mikononi mwangu!

FUNDI: Lilishushwa mikononi mwa mtu. Akarudisha injini, akabakiwa na bati na skrubu nne, akasema limezidi. Injini haikufa siku ile, kwa hiyo akaona yuko sahihi.

Hivyo ndivyo nionavyo mimi pia. Tunabishana nani ana haki ya kushusha, mtaalamu au mwenye gari, gereji au uani, wakati madhara mengi hutokea siku ya kurudisha. Siku ya kushusha kila mtu yupo, soda zinanunuliwa, picha zinapigwa. Siku ya kurudisha imepita miezi, rangi imemaliza fedha, fundi ana haraka, na skrubu ziko kwenye kopo la maziwa pamoja na misumari ya banda. Kisafisha hewa cha asili, kile chenye oili chini ya kunasa vumbi, kimeonekana kizito, kimewekwa kisponji cha dukani. Vumbi la barabara ya Mbulu halikuambiwa.

KIJANA: Mimi ningepiga picha kila waya kabla ya kuutoa.

MAMA: Picha ziko kwenye simu yako, na simu yako wiki iliyopita ilianguka majini. Nunueni daftari. Kila kinachotoka kiandikwe na kihesabiwe, mabati yaandikwe moja moja, skrubu za kila bati zikae kwenye mfuko wake. Daftari linakaa ndani kwangu, na mifuko inakaa ndani kwangu. Anayetaka skrubu anakuja kupiga hodi.

DALALI: Mama, hiyo ni benki sasa.

MAMA: Ndiyo, na wewe huna akaunti.

Walipima siku ile ile. Kijana aliingia chini akanusa: haikunuka kiberiti, ilikuwa oili ya injini. Kompresheni ilikuwa karibu sawa silinda zote, ya tatu ikiwa nyuma kidogo. Fundi alikuwa na geji ya saa ndani ya kitambaa, mfukoni muda wote, na hakuisema mpaka ilipohitajika. Puli ilicheza milimita 0.11. Maana yake bloku haifunguliwi. Injini itashushwa kwa ajili ya sili, klachi pleti na kusafishwa, chumba chake kipigwe rangi, mabati mawili yatafutwe au yakatwe mapya kwa kipimo, kisha irudi. Kijana alisikitika waziwazi. Alitaka kuona pistoni.

KIJANA: Lakini Fundi, ikiwa iko chini tayari, kwa nini tusibadilishe na ringi? Ni fursa.

FUNDI: Ringi zina ubaya gani?

KIJANA: Hazina. Ila ni za zamani.

FUNDI: Hata mimi.

Katika hili Mwalimu alisita, nami nilimwelewa. Gari likiwa limefunguliwa nusu, kila kitu kinaonekana kustahili kipya, na spea zipo: gari hili lilitengenezwa mpaka mwaka 2003 huko Puebla, Meksiko, zaidi ya milioni 21 kwa jumla, kwa hiyo bado kuna wanaotengeneza vifaa vyake. Upatikanaji huo nao ni mtego. Orodha ya Mwalimu ilikuwa imefika ukurasa wa pili kabla Mama hajauchukua ule ukurasa na kuuweka kwenye daftari lake, nyuma kabisa.

MAMA: Hii ni ya mwakani. Mahindi yanaingia mwezi wa saba. Injini iwe imerudi kabla.

DALALI: Na kama isiporudi? Mwalimu, sisemi kwa ubaya. Mkichoka, nitakuja na fedha taslimu.

MWALIMU: Njoo Jumamosi asubuhi, na uje na spana ya 17. Bolti ya juu kulia iko nyuma ya kava la feni na inashika pia stata; mmoja anashika kichwa, mwingine analegeza nati. Kijana ana mikono miwili tu.